Kanzu ya Jumbe na Mfereji Mmoja

Hapo zamani, wala msidhani ni zamani sana, maana mpaka leo wapo wanaojikuna, palikuwa na mji uitwao Kivumbasi. Mji ulikaa mlimani, na kama miji mingi ya mlimani ulikuwa na watu wa juu na watu wa chini. Wa juu waliitwa watu wa Juu. Wa chini waliitwa watu wa Bondeni. Mpaka hapo mambo yalikuwa rahisi.

Juu kulikuwa na birika, birika kubwa la mawe, limejaa maji mwaka mzima. Maji ya kunywa, maji ya kuoga, maji ya kumwagia mawaridi, maji ya watoto kurushiana. Bondeni kulikuwa na kisima kimoja cha maji ya chumvichumvi, na kila nyumba ilichota ndoo mbili kwa siku, basi. Ya kunywa na ya kupikia. Kuoga? Kuoga kulisubiri mvua. Na watu wa Juu walipopita Bondeni walishika pua, wakaambiana, "Jamani, watu hawa hawapendi maji kabisa!"

Katika kichochoro kimoja cha Bondeni aliishi dobi, mjane, jina lake Bi. Mwanamvua. Alizaliwa siku ya mvua kubwa, na alipenda kusema kwamba hiyo ndiyo siku ya mwisho aliyopata maji ya kutosha. Aliishi na mjukuu wake, Siwema, mtoto wa miaka minne. Bi. Mwanamvua alifua nguo zote za Juu: kanzu, shuka, vilemba, foronya. Nguo zilishuka Jumamosi zimechafuka, zikapanda Ijumaa asubuhi zinameta.

Mtaniuliza, na ndoo zake mbili, maji ya kufulia aliyatoa wapi? Swali zuri. Watu wa Juu hawakuwahi kuliuliza.

Aliyatoa hivi. Maskini naye anaoa, na akioa anataka kupendeza, na kanzu ya kupendeza hana. Basi bwana harusi wa Bondeni alikwenda mlangoni kwa Bi. Mwanamvua, akakohoa, akasema, "Bibi, nina shughuli Alhamisi." Bi. Mwanamvua alimpima mabega kwa macho, akaingia ndani, akatoka na kanzu ya mtu wa Juu. Malipo yake maji. Bwana harusi, ndugu zake na majirani zake walijinyima, wakamletea ndoo kumi, ishirini, kadiri harusi ilivyokuwa kubwa. Kanzu ilikwenda harusini, ikala pilau, ikacheza ngoma, ikarudi. Bi. Mwanamvua aliikagua. Kama haina doa, hakuifua tena, maana maji yenyewe yalikuwa yamekwisha. Aliikunja, akaipiga rungu la mbao mpaka ikanyooka, akaipandisha Juu.

Iliyopendwa kuliko zote ni kanzu ya Jumbe Mwidadi, mkuu wa mji. Ilikuwa na darizi ya hariri kifuani, na ilimkaa vizuri hata mtu mwembamba. Mwaka ule ilioa mara kumi na tisa. Jumbe mwenyewe alikuwa ameoa mara moja tu, na anajuta.

Sasa, Bondeni kulikuwa na upele. Ulikuwepo siku zote. Watu walijikuna tangu utotoni, wakasahau kwamba duniani kuna watu wasiojikuna. Dawa ilikuwepo. Katikati ya mlima aliishi Tabibu Ngwali, na Tabibu Ngwali alijua kukoroga unga wa manjano wa kiberiti na mafuta ya nazi, dawa inayofukuza kidudu cha upele chini ya ngozi. Lakini unga ule uliletwa kwa amri ya Jumbe, na Jumbe alisema ni wa watu wa Juu. "Wale wa Bondeni si wagonjwa," alisema. "Ile ndiyo ngozi yao."

Siku moja Jumbe akaamka, akajikuna.

Akajikuna kidole, akajikuna kwapa, akajikuna mahali ambapo mkuu wa mji hajikuni mbele za watu. Na mkewe akajikuna. Na karani wake akajikuna. Tatizo ni kwamba Juu kujikuna ilikuwa aibu, ilikuwa mambo ya Bondeni. Basi karani akawa anajikuna kwa kalamu na kujifanya anawaza. Mke wa Jumbe akawa anaikumbatia nguzo ya sebuleni na kujifanya anaisifu. Jumbe mwenyewe alianzisha ngoma mpya ya barazani, ya kutikisa mabega, akaamuru ichezwe kila asubuhi kabla ya mashauri. Wazee waliicheza kwa moyo wote.

Tabibu Ngwali akaitwa. Akawapaka watu wa Juu dawa. Wakapona, wakafurahi. Ijumaa ikafika, nguo zikapanda, wakajikuna.

Akaitwa tena. Akawapaka. Wakapona, wakafurahi. Ijumaa ikafika, nguo zikapanda, wakajikuna.

Akaitwa mara ya tatu. Akawapaka mpaka masikioni. Wakapona, wakafurahi kidogo kidogo, kwa wasiwasi. Ijumaa ikafika.

Basi, mnajua wenyewe.

Jumbe akapiga mbiu, na mbiu ilisema hivi: "Atakayeuondoa upele Kivumbasi, nitatoboa birika, nitachimba mfereji, na mfereji utaishia mlangoni kwake." Watu wakashika vichwa. Maana sheria ya Kivumbasi ilikuwa moja: mwenye mlango ndiye mwenye maji. Yeye ndiye husema nani achote, nani angoje, nani arudi na ndoo tupu.

Bi. Mwanamvua aliisikia mbiu akiwa ameshika kanzu ya Jumbe. Akaitazama kanzu. Akavitazama vidole vyake vilivyojaa vipele. Akahesabu: Alhamisi bwana harusi, Ijumaa Jumbe. Alhamisi bwana harusi, Ijumaa Jumbe. Akakaa chini palepale juu ya lundo la shuka. "Ole wangu," akasema. "Ni mimi ninayeupandisha."

Siku mbili hakula. Akisema, nani atampa tena nguo zake? Na bila nguo, yeye na Siwema watakula nini? Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini mikono ya Siwema ilikuwa imevimba. Mtoto alijikuna mpaka vipele vikatunga usaha, vidole vikawa havikunjiki, na ugali akawa analishwa. Na kila alipolishwa alisema, "Bibi, kesho nitakula mwenyewe." Bi. Mwanamvua alimpenda mtoto yule kuliko pumzi yake. Siku ya tatu akajitanda kanga, akapanda Juu.

Barazani walikuwa wamemaliza kucheza ngoma ya mabega. Jumbe anahema.

"Shikamoo, Mwinyi."

"Marahaba. Dobi, leo si Ijumaa."

"Nimekuja kwa habari ya mbiu."

"Wewe? Una dawa?"

"Sina dawa, Mwinyi. Nina neno. Hiyo kanzu uliyovaa..."

"Ina nini?"

"Imeoa."

Baraza ikaangua kicheko. Jumbe hakucheka. "Imeoa? Imemwoa nani?"

"Mwaka huu? Imemwoa binti wa mzee Shaha, imemwoa mjane wa mfinyanzi, imewaoa mapacha wa kisimani, mmoja baada ya mwingine. Mara kumi na tisa, Mwinyi. Na walioivaa wote wana upele kama mimi."

Jumbe akakiinamia kifua chake, kana kwamba anangoja kanzu ikane. "Umewavisha watu wa Bondeni nguo yangu?"

"Nimewavisha."

"Kwa nini?"

"Kwa maji. Mimi nina ndoo mbili kwa siku. Nguo zenu kwa wiki zinataka ndoo themanini. Hamkuniuliza nazitoa wapi. Nazitoa kwa wanaozivaa. Weupe wote ulio nao mwilini, Mwinyi, umebebwa kichwani na bwana harusi wa Bondeni aliyelala na kiu."

Kisha karani akauliza kwa sauti ndogo, "Na kanzu yangu mimi?"

"Yako hawaitaki, Bwana Karani. Inabana kwapani."

Jumbe alikuwa amekwisha kuinuka aamuru afungwe, lakini Tabibu Ngwali, aliyekuwa barazani siku ile, aliruka mbele. "Mwinyi, subiri! Sasa nimeelewa. Mara tatu nimepaka nusu ya mji. Nimefagia nusu ya chumba, na vumbi likawa linarudi. Kidudu hiki hakijui Juu wala Bondeni. Tupake mji mzima siku moja, mtu asibaki, na nguo zote zichemshwe. La sivyo, hiyo ngoma ya mabega mtaicheza mpaka uzeeni."

Jumbe akafikiri. Akajikuna. Akakubali.

Basi siku ikawekwa. Birika likafunguliwa, maji yakateremshwa Bondeni kwa mapipa. Tabibu alikoroga dawa katika chungu kimoja kikubwa. Mke wa Jumbe akauliza kama dawa ya Juu ingeweza kukorogwa katika chungu chake. Tabibu akasema inawezekana sana, akachota dawa ileile kutoka chungu kilekile, akaitia katika chungu kidogo chenye maua. Wakaridhika.

Wakapakwa wa Juu, wakapakwa wa Bondeni. Walipofika Ukingoni, mwisho kabisa wa Bondeni, wasaidizi wa Tabibu wakasita. Huko waliishi watapishaji wa vyoo, watu wanaoitwa vyoo vikijaa, wakauchota uchafu, wakaenda kuuzika mbali. Hata Bondeni hawakupewa mkono. Hata kisimani walichota mwisho, maji yakiwa tope. Wasaidizi wakachukua vijiti virefu, wakachovya dawa, wakawapaka kwa mbali. Bi. Mwanamvua alipoona hivyo alikasirika, akatupa vijiti, akajifunga kanga kiunoni, akawapaka watoto wa Ukingoni kwa viganja vyake, mmoja mmoja, mpaka katikati ya vidole vya miguu.

Na Siwema siku ile alimwagiwa ndoo nzima peke yake. "Bibi," aliuliza, "haya yote ni yangu?" Bi. Mwanamvua alitaka kumjibu, akalia.

Mji ukapona. Siwema akala ugali kwa mkono wake. Birika likafungwa tena, maana mfereji ungechimbwa mambo yakishatulia. Wiki moja, hakuna aliyejikuna. Wiki mbili, hakuna. Wiki ya tatu Jumbe akaamka.

Akajikuna.

Kisha mkewe, kisha karani, kisha nyumba moja Bondeni, kisha nyingine. Mji ukapiga kelele: "Dobi ametudanganya!" Nguo hazikushuka tena. Kamba za Bi. Mwanamvua zikabaki tupu, zinapigwa na upepo. Jumbe akatuma mtu: Ijumaa ikimkuta Kivumbasi, atatolewa kwa fimbo, yeye na mjukuu wake.

Jumatano asubuhi Bi. Mwanamvua alikuwa anafunga vyombo vyake ndani ya kanga. Akasikia mtu anakohoa. Akageuka, akamwona Songoro, mtapishaji, amesimama mbali kama alivyozoea kusimama.

"Karibu, Songoro."

"Nimekwisha karibia, Bibi. Hapa panatosha."

"Mimi nahama, mwanangu. Karibu uketi hata juu ya chungu, mkeka nimekwisha kuufunga."

Songoro akasogea hatua mbili. Kisha akauliza, "Nyumba ya Jumbe mlipaka watu wangapi?"

"Saba. Jumbe mwenyewe alituhesabia."

"Choo cha Jumbe si cha watu saba."

"Unasemaje?"

"Miaka ishirini nakitapisha. Kazi yangu hiyo, Bibi, kama wewe unavyojua doa la embe na doa la damu. Choo cha watu saba kina siku zake za kujaa. Kile kinajaa mapema. Kuna mtu wa nane."

"Labda Jumbe anakula sana."

"Jumbe nimekwisha kumhesabu wawili."

Bi. Mwanamvua akacheka, japo alikuwa anahama. Halafu kicheko kikamkatika. Shuka! Kila Jumamosi nyumba ya Jumbe ilileta shuka nane. Watu saba, shuka nane, miaka kwa miaka, na yeye akifikiri Jumbe anatokwa jasho tu. Hakuwahi kuuliza. Akaona haya. Watu wa Juu hawakumuuliza maji anayatoa wapi, na yeye hakuuliza shuka ya nane ni ya nani.

"Na nyumba nyingine?" akauliza.

"Nyingi. Juu wanaficha watu kwa aibu. Bondeni wanaficha wapangaji, zamu ya kisimani isije ikazua ugomvi. Mimi nawajua wote. Sijawaona hata mmoja, lakini nawajua."

"Mbona hukusema siku ile, Songoro?"

"Kazi yetu ina mwiko. Uliyoyaona shimoni yaache shimoni. Nikisema, hakuna atakayenifungulia mlango wa nyuma. Na wa mbele sijafunguliwa tangu nizaliwe."

"Basi leo unasema kwa nini?"

Songoro akaangalia chini. "Uliwapaka wanangu kwa mkono. Mtu asiye wa Ukingoni hajawahi kuwagusa."

Wakaenda kwa Tabibu, na wote watatu wakapanda kwa Jumbe. Songoro akaelekea mlango wa nyuma, miguu yake haikujua njia nyingine. Bi. Mwanamvua akamshika mkono, akampitisha wa mbele.

"Nyumba hii ina watu wangapi, Mwinyi?" akauliza Tabibu.

"Nimesema saba."

"Choo kinasema nane," akasema Songoro.

"Na shuka zinasema nane," akasema Bi. Mwanamvua.

Jumbe akawaka. Akamwita Songoro maneno ambayo hayafai mbele ya watoto, akampiga na fimbo yake begani. Songoro hakurudi nyuma. "Nipige, Mwinyi. Hata nikinyamaza, choo kitajaa tu."

Jumbe akainua fimbo tena. Kisha akaishusha. Akakaa, akafunika uso kwa mikono. Baada ya muda akatoa ufunguo shingoni, akaenda nyuma ya nyumba, akafungua ghala.

Akatoka mwanamke mwenye mvi. Alikuwa Bi. Zawena, dada wa Jumbe. Alianguka kifafa akiwa msichana, mbele ya wageni, na tangu siku ile, miaka thelathini, aliambiwa akae ndani. Mwili mzima ulikuwa upele mtupu. Na jioni mlango ukifunguliwa, Jumbe aliketi naye na kumlisha, maana alimpenda, na upele ukala naye, ukarudi naye sebuleni. Bi. Zawena akalitazama jua, akapiga chafya. Akawatazama wageni wanaojikuna, akamgeukia kaka yake, akasema kwa mshangao, "Kumbe wote mnajikuna? Nilidhani hii ni kazi yangu peke yangu."

Jumbe alilia mbele ya dobi, mbele ya tabibu, na mbele ya mtapishaji. Bi. Mwanamvua akachovya mkono katika dawa, akaanza kumpaka Bi. Zawena mgongoni, taratibu.

Wakaupaka mji mara ya pili, na safari hii Songoro alitangulia. Kila mlango alisimama, akasema idadi. "Hapa sita." "Tuko wanne!" "Sita." Wakatoka wawili waliokuwa chini ya kitanda. Nyumba ya karani alisema, "Hapa watano." Mke wa karani akasema, "Tuko wanne, mimi, mume wangu na watoto wawili." Songoro akarudia, "Watano, Bibi." Akapatikana mke wa pili nyuma ya magunia ya mchele, na siku ile karani alipata vipele vingine ambavyo dawa ya Tabibu haikuvifaa. Ukingoni palepale akapatikana mzee mwenye ukoma, ambaye hata watapishaji walimficha. Kwa jumla wakatoka watu arobaini na mmoja. Wote wakapakwa. Nguo zote zikachemshwa. Wiki moja, mbili, tatu, sita, hakuna aliyejikuna, na ngoma ya mabega ikasahauliwa, isipokuwa na mzee mmoja aliyekuwa ameipenda.

Jumbe akaita baraza kutimiza mbiu. Mafundi wakamwambia mapema: birika ni la zamani, linavumilia tundu moja. Ukilitoboa mara mbili, ukuta utapasuka, na mji mzima utalala na kiu. Na tundu moja maji yake yanatosha mfereji mmoja, na mfereji una mlango mmoja.

Tabibu Ngwali akasimama. "Mfereji ni wangu," akasema. "Bila dawa, wangeijua njia ya upele, wangeijua idadi ya watu, na wangeendelea kujikuna wakiwa na elimu yao. Nimetumia kiberiti changu chote. Watu wa Juu hawaniiti tena, wanasema mikono yangu imeshika watu wa Ukingoni. Na uani kwangu wamelala wagonjwa wa Juu na wa Bondeni. Maji yakikaa kwangu, wao ndio watakaoyapata kwanza."

"Dawa ulikuwa nayo miaka yote, Tabibu," akasema Songoro. "Ulijua nusu ya mji haipakwi, ukasubiri Jumbe ajikune. Na nyumba yako iko nusu ya mlima. Mama mwenye mimba wa Bondeni atapanda mpaka huko na ndoo?"

Bi. Mwanamvua akasimama. Kamba zake bado zilikuwa tupu. "Mfereji ni wangu," akasema. "Mimi niliionyesha njia, nikijua nitapoteza kazi, na nimeipoteza. Upele huu umezaliwa na kiu. Mkinipa maji, nitafua nguo za mji mzima, Juu na Bondeni, na hakuna kanzu itakayooa tena bila ruhusa ya mwenyewe. Na mjukuu wangu ataoga."

"Lakini ni wewe uliyeupandisha Juu," akasema Tabibu, kwa upole. "Mwizi akirudisha mali, Bibi, huwa tunamshukuru. Hatumpi zawadi."

"Tena kwako, Bibi," akasema Songoro, naye alisema kwa shida, "wewe utanikaribisha. Nakujua. Lakini majirani zako? Foleni ikianzia mlangoni kwako, mimi nitakuwa wapi? Palepale mwisho."

Kisha Songoro akasimama vizuri, mara ya kwanza barazani, na bega lake lililopigwa lilikuwa limeshuka. "Mfereji ni wangu," akasema. "Mlikuwa na dawa na mlikuwa na njia, na upele ukarudi. Haukurudi tena nilipowahesabu mliowaficha. Nimevunja mwiko wa kazi yangu, na sasa milango ya nyuma imefungwa. Ukingoni ndiko kwenye kiu kuliko kote. Anayepata maji mwisho na apate kwanza, walau mara moja."

"Ulijua tangu mwanzo, ukanyamaza," akasema Tabibu. "Tungepaka mara moja tu."

Na Bi. Mwanamvua akasema, akitazama pembeni, "Songoro mwanangu, nakuambia kwa kuwa nakupenda. Maji yakikaa mlangoni kwa mtapishaji, nusu ya Bondeni hawatayanywa. Watakufa na kiu, na pua zao wamezishika."

Walibishana siku ile, wakabishana kesho yake. Walibishana wiki tatu. Jumbe alisikiliza, akageuka kulia, akageuka kushoto. Bi. Zawena aliketi kando yake juani, anasikiliza naye. Mafundi walingoja na patasi zao. Na muda wote huo birika lilikuwa limefungwa, na Bondeni walikuwa wanachota ndoo mbili, ya kunywa na ya kupikia, na kuoga kulisubiri mvua.

Sasa najua kuna mjanja huko nyuma anayetaka kusema wachimbe mifereji mitatu. Mwanangu, nimekwisha sema ukuta utapasuka. Keti. Na kuna mwingine anataka kusema wamwachie Jumbe maji yake. Huyo simjibu.

Basi siku ya ishirini na moja, Tabibu anasema lake, Songoro anasema lake, Siwema amekaa mapajani kwa bibi yake, anacheza na pindo la kanga. Akaacha kucheza. Akainua mkono mdogo, akautazama kiganjani, katikati ya vidole.

Akajikuna.

Karani akavuta kiti chake nyuma. Jumbe akaitazama kanzu yake. Bi. Mwanamvua akaushika ule mkono wa mjukuu wake, akaufunika kwa mikono yake miwili, akamkazia Jumbe macho.

Jumbe akasimama. Mafundi wakashika patasi.

Haya, jibuni ninyi, na jibuni upesi, mtoto anajikuna: mwenye dawa, mwenye njia, au mwenye hesabu? Je, ni mlango wa nani uliostahili mfereji?

Na wewe pale, uliyeanza kujikuna nikisimulia, acha kwanza. Tunakungoja wewe.